Ubatizo wa Hendeli

Wanaume wa yadi ya majaribio ya kiwanda cha magari walikuwa na mchezo wao, na tuseme wazi tangu mwanzo kwamba ulikuwa mchezo wa kishenzi.

Mgeni akiajiriwa, hapewi kazi mpaka abatizwe. Anapelekwa mbele ya gari lililotoka kuunganishwa asubuhi ileile, injini bado ngumu, anaambiwa apige hendeli, ule mpini wa chuma wa mbele unaozungushwa kwa mkono ili injini iwake. Kwenye kiti cha dereva anakaa mtu mmoja, na kazi yake ni kushika kijiti kidogo kilichochomoza chini ya usukani, kile kinachoamua cheche itoke lini ndani ya injini. Kijiti kikiwa juu, cheche inachelewa kidogo na injini inawaka kistaarabu. Kikishushwa mpaka mwisho, cheche inawahi, injini inageuka kinyume, na hendeli inapiga teke kama farasi aliyechomwa na nyigu. Mgeni anarushwa, anashika mkono, anarukaruka akitukana kwa lugha ya kwao, na yadi nzima haina mbavu. Hapo ndipo anapewa kahawa na kuitwa ndugu.

Wengi waliondoka na kiganja kilichovimba. Wengine waliteguka kifundo. Mfini mmoja alivunjika kidole gumba na hakuonekana tena, na yadi ikasema basi huyo hakuitaka kazi.

Lakini ubaya wenyewe haukuwa hapo. Ubaya ulikuwa kwamba kijiti kinashikwa na yule aliyemleta mgeni. Kama umemleta rafiki yako, utamshushia wewe. Kama umemleta mtoto wa shangazi yako, utamshushia wewe. Ukikataa, au ukimnong'oneza, mnatoka getini wote wawili, na kwa jiji la Detroit la mwaka ule wa 1911, nje ya geti kulikuwa na wanaume wamepanga foleni kwenye theluji wakiomba Mungu mtu atoke. Tuttle, nyapara wa yadi, aliilinda sheria hiyo kuliko alivyozilinda Amri Kumi. Alikuwa akisema mtu asiyeweza kumfanyia ndugu yake utani mdogo, hawezi kukabidhiwa gari la watu.

Hedley Carlyon aliyajua yote haya. Alibatizwa yeye mwenyewe, akaonewa huruma na injini, akatoka na gumba jeusi. Tangu hapo alikuwa amewashushia kijiti wanaume wawili aliowaleta, na wote walicheka baadaye. Au walionyesha meno, tuite hivyo.

Alikuwa mpiga hendeli bora pale yadini. Asubuhi za baridi kali, magari yakigoma kama nyumbu, aliitwa Hedley. Ila alikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba mkono wake ulikuwa unakwenda kukosa kazi. Habari zilikuwa zimeshazagaa mjini: kuna watu wametengeneza stata ya umeme, unakanyaga kitufe kwa kiatu, injini inawaka, na mwanamke aliyevaa glavu anaweza kwenda zake bila kumwita mwanamume. Mwaka mmoja, miwili, hendeli ingekuwa kitu cha kuwachekesha watoto. Hedley alitaka kiti cha dereva wa barabarani, wale wanaochukua magari mapya na kuyakimbiza nje ya mji kabla hayajauzwa. Kiti kimoja kilikuwa wazi. Wa kukitoa alikuwa Tuttle.

Na wakati huohuo ndipo Loveday alipofika na mume wake.

Loveday alikuwa dada yake mdogo, na mtu pekee aliyebaki naye duniani. Wazazi wao walitoka kwao Cornwall, ng'ambo ya bahari, kuja kuchimba shaba kaskazini mwa Michigan, wakazikwa hukohuko, na Hedley alimlea msichana yule akiwa mwenyewe bado ana chunusi usoni. Alimfunga nywele. Alimpeleka kanisani kila Jumapili, Wamethodisti wakimcheka kwa jinsi alivyozisuka. Alipoolewa na Digory Bray, mchimbaji mwenye mabega kama mlango wa ghala, Hedley alilia mbele za watu bila aibu. Sasa kule machimboni watu walikuwa wakipunguzwa, na Loveday akaja kukaa jikoni kwa kaka yake, akamtazama kwa macho yale aliyomtazama nayo tangu utotoni.

"Kaka, mwombee Digory kazi. Wewe pale unasikilizwa."

"Kazi zipo nyingi mjini."

"Sasa ukiwa wewe upo, akahangaike kwa watu kwa nini?"

Angemjibu nini? Alimwombea. Tuttle alimsikiliza, akapenga kamasi, akamtazama kwa upole uliomfanya Hedley ajutie kufungua mdomo.

"Shemeji yako kabisa? Mume wa yule dada unayemsemasema kila siku?"

"Ndiyo, bwana."

"Vizuri sana. Mlete Jumatatu. Na kile kiti cha barabarani, Carlyon, tutakiongelea Jumatatu hiyohiyo. Nataka nione una moyo wa namna gani."

Hedley si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetaka kula keki na kubaki nayo, na watu wa namna hiyo wameumiza wengi kuliko wabaya. Alikaa akafikiri, akapata ujanja. Hatamwambia Digory neno lolote kuhusu ubatizo. Atamfundisha kazi tu. Nani anaweza kumlaumu mtu kwa kumfundisha shemeji yake kazi?

Jumapili baada ya ibada, alikifunga kinu cha kusagia nyama kwenye meza ya jikoni, akamwonyesha Digory kwa mpini wake. Unashika kwa mkono wa kushoto. Gumba linakaa upande mmoja na vidole, halizungushwi. Unavuta kwenda juu, na usije hata siku moja ukasukuma kwenda chini kwa uzito wako.

"Na kabla ya yote," alisema, na hapa sauti yake ilishuka, "pita kwenye usukani, angalia kijiti. Lazima kiwe juu. Ukikikuta chini, usiguse hendeli. Hata aseme nani. Umenisikia?"

"Hata akisema mfalme?"

"Hata akisema Loveday."

"Hapo umezidisha, shemeji. Loveday akisema, nageuza hata jengo." Digory alizungusha mpini wa kinu kwa kidole kimoja. "Hii ndiyo kazi mnayoisifia? Sisi kule chini tulikuwa tunavunja mwamba. Hiki ni cha kupikia maandazi."

Loveday alicheka mpaka akaweka unga chini. Hedley alicheka pia. Usiku alilala vizuri. Digory ataona kijiti kiko chini, atagoma, kicheko kitawageukia wengine, na yeye Hedley atakuwa ameshusha kijiti kama sheria inavyotaka. Mikono safi, kiti chake, na shemeji yake mzima.

Jumatatu kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Wanaume walijipanga ukutani, mikono kwapani, wanasubiri. Kolb, Mjerumani aliyekuwa mchekeshaji wa yadi, alikuwa ameshaweka dau la tumbaku kwamba mgeni atalia akimwita mama yake.

Tuttle alimzunguka Digory, akampima mabega.

"Wanasema wewe ulikuwa unavunja mwamba."

"Ulivunjika wenyewe ukiniona nakuja," Digory alisema, na watu wakacheka, maana alikuwa mtu wa kupendeka. "Nionyesheni hicho kinu chenu, bwana nyapara. Nitakizungusha mpaka kitoe siagi."

Hapo alijiponza. Wageni wote walibatizwa kwa gari dogo la silinda nne. Tuttle alitabasamu, akaelekeza kidole mwisho wa yadi, lilikosimama gari kubwa la silinda sita, la matajiri, lenye injini ndefu kama jeneza. Hakuna mgeni aliyewahi kupewa lile. Hata Kolb aliacha kutafuna tumbaku.

"Tuttle," Kolb alisema, "lile linaua."

"Anavunja mwamba huyu. Carlyon, panda."

Hedley alipanda. Alikaa, akaweka vidole kwenye kijiti, akakishusha mpaka katikati. Katikati tu. Aliwaza kwamba katikati si mbaya sana. Tuttle alikuja akasimama kando yake, kiwiko juu ya mlango, akanong'ona kwa harufu ya vitunguu.

"Mpaka chini, Carlyon. Au ukitaka, shuka uende naye nyumbani. Nina watu getini."

Hedley akakishusha mpaka chini.

Ndipo Digory alipopita kando ya gari kwenda mbele, kama alivyofundishwa. Alipita polepole. Hedley alikitazama kioo cha kupimia mafuta kwa bidii zote, akakisoma kama Biblia, kwa sababu hakuweza kumtazama yule mtu. Alisema moyoni: ona. Ona, mjinga wewe, ona ugome. Nyayo zilisita kidogo karibu na usukani. Kisha zikaendelea mpaka mbele.

"Tayari, shemeji?" Digory aliita.

Alikuwa na nafasi bado. Hili ndilo la kukasirisha katika kisa hiki kizima, kwamba nafasi ilikuwepo, pana kama barabara. Kulikuwa na kidole chake, na kijiti, na mwendo mfupi kuliko wa kufunga kifungo cha shati.

"Tayari," Hedley alisema.

Digory alivuta kwa kushoto, akienda juu, vizuri kabisa. Injini ile mpya haikusogea. Akavuta tena. Ukutani mtu akapiga mluzi, mwingine akaimba kibwagizo cha kumbembeleza mtoto. Tuttle akapaza sauti: "Siagi iko wapi, mvunja mwamba? Sukuma kwa uzito wako, mwanamume wewe!" Na Digory, aliyekuwa ameshaona haya, akabadili mkono. Akaiweka hendeli juu, akaikamata kwa mkono wa kulia na gumba lote, akailalia kwa mabega yake yale.

Sauti ilisikika mpaka karakana ya rangi, wanavyosema. Haikuwa sauti ya chuma.

Alipigwa teke akazungushwa, akaangukia taa ya gari, akateleza chini. Wanaume walicheka, kwa mazoea tu, kicheko kilikuwa kimeshaandaliwa kooni kikatoka chenyewe. Kisha wakauona mkono. Ulikuwa umekunjika pale ambapo mkono wa mtu haukunjiki, na mfupa ulikuwa umetoboa shati. Digory hakumwita mama yake. Alikaa kwenye theluji, akautazama kwa mshangao, halafu akamtafuta Hedley kwa macho.

"Imerudi, shemeji," alisema. "Imerudi nyuma."

Kolb akageuka akatapika. Tuttle aliwatuma watu wamwite daktari wa kiwanda, akasema injini za silinda sita zina vituko vyake, akasema ajali ni ajali. Wakati wanambeba, alimpiga Hedley begani.

"Kesho uje na koti zito. Barabarani kuna upepo."

Daktari wa kiwanda aliunga mfupa akiwa na haraka. Wiki ya pili mkono ukaanza kunuka. Wakaukata juu ya kiwiko, wakamwambia Loveday ashukuru kwamba mume wake yu hai. Loveday alishukuru. Alimshukuru hata kaka yake, kwa kuwa alikuja hospitali kila jioni na machungwa, na kwa kuwa aliwalipia kodi ya nyumba. Watu waliomwona Hedley siku zile walisema hawajaona mtu anayempenda shemeji yake vile.

Digory aliulizwa na mke wake ilikuwaje, akajibu kwamba injini ilirudi, injini mpya hufanya hivyo. Hedley alikuwa amesimama hapohapo kando ya kitanda, akimenya chungwa. Polepole akaanza kuamini kwamba mtu huyu hakuona. Alipita pale, alisita kwa sababu ya theluji tu, hakuona. Ukiamini jambo kila siku linakuwa jepesi, na kufikia mwezi wa nne Hedley alikuwa anapiga mluzi akiendesha.

Jumapili moja ya mwezi wa tano alipewa ruhusa ya kutoka na gari la majaribio, akaona awafurahishe dada yake na shemeji. Alifika mbele ya nyumba yao amevaa koti refu na miwani ya vumbi. Majirani walitoka barazani. Loveday alitoka na mikate ya nyama na viazi imefungwa kwenye kitambaa, imetoka jikoni sasa hivi, akamkumbatia.

"Kaka, umependeza. Mchukue Digory akapate hewa. Anakaa ndani kutwa kama mgonjwa."

Digory alitoka amevaa shati la kanisani, mkono mmoja wa shati umepindwa na kufungwa kwa pini. Alikuwa amepungua. Alilizunguka gari, akaligusa boneti. Lilikuwa la silinda sita.

"Hili ni ndugu yake lile," alisema.

"Tufanye siku nyingine, shemeji, kama hujisikii."

"Najisikia. Lakini nipe kazi basi. Nimechoka kubebwa kama gunia." Akapanda kwenye kiti cha dereva, akaegemea, akapitisha mkono wake wa kushoto chini ya usukani. "Wewe nenda mbele ukapige. Mimi nitashika kijiti. Si ulinifundisha?"

Loveday alipiga makofi kama msichana. Majirani wakacheka kwa wema.

Hedley alikwenda mbele. Aliinama, akaishika hendeli kwa kushoto, gumba upande mmoja na vidole. Kutoka pale chini, boneti lilificha kila kitu. Aliona kofia ya Digory tu, na juu yake mawingu.

"Tayari, shemeji?" aliuliza.

"Tayari," Digory alisema.

Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa. Ndiyo iliyomwogopesha. Hedley alivuta pumzi. Aliuambia mkono wake uvute, mkono ukakataa. Jasho lilimtoka chini ya koti. Alisimama, akacheka kidogo, akajifanya anafuta miwani, akainama tena. Majirani walikuwa wanangoja. Aliwaza mfupa uliotoboa shati. Aliwaza macho yale kwenye theluji. Akaachia hendeli.

"Hebu," alisema, "hebu niangalie kitu."

Akazunguka mpaka kwenye usukani, akaingiza kichwa.

Kijiti kilikuwa juu. Juu kabisa, mahali pake, na vidole vya Digory vimekishika kwa uangalifu mkubwa ili kisiteleze.

"Kiko sawa?" Digory aliuliza.

"Kiko sawa."

"Ulidhani kitakuwa wapi?"

Hedley akarudisha kichwa nje. Loveday alikuwa amesogea, bado anatabasamu, kitambaa cha mikate mikononi.

"Kwani kikiwa si hapo, inakuwaje?" aliuliza. "Kaka? Kikiwa chini inakuwaje?"

Uso wa Hedley ulijibu, na dada yake aliujua uso ule kuliko alivyoujua wake mwenyewe. Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo.

"Inarudi," Loveday alisema. "Inarudi nyuma. Si ndiyo? Digory, siku ile nani alikuwa amekaa hapo?"

"Achana nayo, mke wangu."

"Nani alikaa hapo?"

Digory alitazama mbele, kwenye barabara.

"Mimi nilikiona, shemeji," alisema, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Nilipopita nilikiona kiko chini. Nikasita. Nikasema aa, yupo Hedley, Hedley anajua anachofanya, labda hili kubwa lina namna yake. Ningeona haya kukuuliza mbele za watu. Ningeonekana sikuamini."

Majirani waliokuwa karibu waliangalia viatu vyao. Hedley alisema jina la dada yake. Alianza kueleza, Tuttle alisema hivi, getini kulikuwa na watu, mchezo ule kila mtu hufanyiwa, na yeye alimfundisha makusudi kabisa ili agome. Maneno yalimtoka mengi na kwa kasi, na kila moja lilizidi kumzamisha.

Loveday alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alifungua mlango wa gari, akampa mume wake bega ashuke. Alimtengenezea pini ya shati iliyokuwa imelegea.

"Loveday. Mdogo wangu."

"Ondoa gari lako hapa mlangoni, bwana," alisema. "Watu wanataka kupita."

Waliingia ndani. Hakuubamiza mlango, aliufunga tu, na komeo likasikika. Hedley alikwenda mbele ya gari, akashika hendeli mbele ya majirani wote, na injini ikawaka kwa mvuto wa kwanza.